Kipaji Nilichosingiziwa

Siku mliyoniaga pale mtamboni kwetu kwa kuoshea kahawa walisimama wasemaji saba. Nawakumbuka kwa mpangilio: Mwenyekiti Ditrick, Gaudensia wa meza za kuanikia, Otmari wa injini, mama Tekla, mama Tekla mwingine, katekista Severini, na wa kufunga akawa msimamizi wetu Kanisius. Si lazima myashike majina haya, mimi ndiyo ugonjwa wangu. Ninachotaka mshike ni kwamba wote saba walisema neno moja. Bibi Anjelina alikuwa na kipaji. Bibi Anjelina hatapatikana tena, kipaji kile alizaliwa nacho.

Nilikaa pale na soda yangu, kitenge mlichonivisha kinateleza begani, nikajikuta naligusa paji la uso. Waliokuwa karibu walidhani nafuta jasho. Mwezi wa saba, huku milimani, nani anatoka jasho?

Sikusema kitu siku ile kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Nasema sasa. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo mtanivumilia. Nukta na herufi kubwa amezipanga mjukuu wangu Imakulata. Maneno ni yangu, na palipokosewa ni pangu.

Mimi ni mtoto wa ziwani, karibu na Mbamba Bay. Marehemu Bosko alinioa akanipandisha huku juu, na mpaka siku ile sikuwahi kuuona mti wa kahawa. Kimatengo sikukijua, na Kinyasa changu huku hakikuwa na wa kukijibu, basi tukakutana katikati kwenye Kiswahili, ambacho kila mmoja wetu alikivaa kama koti la kuazima. Mikono ilikuwa mifupi, lakini baridi ilizuilika.

Niliingia mtamboni msimu wa pili baada ya ndoa. Injini haikuwepo. Tulikuwa na mashine ya kumenyea kahawa ya kuzungusha kwa mkono, na mikono yenyewe ilikuwa yetu. Mkuu wa tanki alikuwa Mama Eufrasia, mwanamke mfupi aliyefunga kanga mbili kiunoni na ambaye hakucheka na mtu kabla jua halijatoka.

"Shikamoo Mama," nikamwambia.

"Marahaba. Umetoka wapi wewe?"

"Ziwani."

"Ziwani wanajua kahawa?"

"Wanajua samaki, Mama."

"Basi leo utavua." Akanipa kapu, akanielekeza kwenye beseni kubwa la maji ambamo kahawa mbivu ilikuwa imemwagwa. Tunda zuri linazama, bovu linaelea. Nikavua mabovu tangu asubuhi mpaka vidole vikafanya makunyanzi kama vya mfu. Jioni akaja, akatazama kapu, akaokota humo matunda mawili mazuri niliyoyaonea, akayarudisha majini bila neno. Ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza.

Kwa ambao wamekuja juzi na wanaijua kazi ya mezani tu, niseme kidogo habari ya tanki. Kahawa ikishamenywa inabaki mbegu ndani ya ganda lake jeupe, na juu ya ganda kuna ute. Ute ule hauoshiki kwa maji. Unaivundika kwenye tanki, inakaa, ute unalegea wenyewe, ndipo unaosha. Ukiwahi kuosha, ute unabaki na kahawa inakauka na uchafu wake. Ukichelewa, inachacha, na harufu ile haitoki tena, itafuatana na kahawa mpaka kwenye kikombe cha mtu asiyekujua. Na tanki moja ni jasho la mtaa mzima. Mkosaji anakuwa mmoja, wanaokosa ni wote. Ndiyo maana mtu wa tanki hakuchaguliwa kwa sura.

Sasa utajuaje kwamba ni tayari? Hapo ndipo Mama Eufrasia alipokuwa na ufalme wake.

"Ingiza mkono. Mpaka kwenye kiwiko. Chota, funga ngumi, sugua. Unasikia nini?"

"Nasikia baridi, Mama."

"Baridi naijua. Nimekuuliza unasikia nini."

"Nasikia kama utelezi."

Aliukamata mkono wangu, akaupandisha maji yanachuruzika ndani ya blauzi mpaka kwapani, akanibandika ngumi yangu mwenyewe sikioni. "Nimesema kusikia! Masikio yako yako kwenye vidole?"

Ndiyo shida ya Kiswahili. Baridi unaisikia, njaa unaisikia, utelezi unausikia, na kengele ya kanisa nayo unaisikia. Mimi nilidhani ananiuliza habari ya ngozi, kumbe ananiuliza habari ya sauti. Nikasugua ngumi sikioni. Kimya. "Bado," akasema. Kesho yake alfajiri tukarudia, na nikisugua, ngumi ikakwaruza, chra chra, kama changarawe za ufukweni unapozikanyaga. Nikaanza kucheka peke yangu.

"Unacheka nini?"

"Mama, hii ni usipa."

Nikamweleza. Nyumbani kwetu mama yangu, Veronika, alikuwa akianika usipa, wale samaki wadogo wa Nyasa, na mimi kazi yangu ilikuwa kuwageuza. Mama alikuwa na msemo wake: usipa mbichi unanyamaza, mkavu unaongea. Ukiwapitishia mkono na wakanyamaza, waache juani. Nimekua na sauti ile. Mama Eufrasia aliwaza kidogo, akasema, "Kumbe ziwani kuna shule." Sifa ya kwanza hiyo, na ya pili niliisubiri sana.

Msinielewe vibaya, sikuweza siku ile. Ilinichukua misimu mitatu. Kuna kahawa ya juu kabisa ya mlima ambayo inachelewa, kuna ya bondeni inayowahi, kuna ukungu unaokaa siku nne. Tanki lenyewe lina kona yake iliyopakana na ukuta ambako jua halifiki, na kona ile husema uongo au husema ukweli peke yake, kutegemea wewe umechota wapi. Yote hayo Mama Eufrasia aliyajua na yote alinipa, moja moja, kwa matusi madogo madogo. Nilipomkanyaga miguu pale kwenye ngazi ya tanki alisema, "Huyu Mnyasa ananitafuta." Nilipopatia hakusema kitu, alihamia kwenye tanki la pili akaniachia la kwanza. Mimi nilimwogopa, nikampenda, nikamwiga mpaka namna ya kufunga kanga.

Basi msimu wa nne akaja mgeni wa kukagua kahawa, bwana mmoja wa mjini mwenye viatu ambavyo havikutegemea kukutana na tanki. Alikuwa na msimamizi wetu wa wakati ule, Baltazari. Wakanikuta nimefumba macho, ngumi sikioni. Mgeni akaniuliza maswali, nikamjibu, akashangaa. Wakageuka kuondoka, nikamsikia anamwambia mwenzake, "Huyu mama ana kipaji kikubwa sana."

Na Baltazari naye, pasipo haya: "Kikubwa kweli. Tena kila anayefika hapa anakiona."

Nilitamani tanki linimeze. Mjue kwamba neno hilo nililijua mahali pamoja tu, kanisani. Jumatano ya Majivu padri anakupaka majivu kwenye kipaji cha uso. Kipaimara, askofu anakupaka mafuta kwenye kipaji cha uso. Na mimi, mnaoniona, uso wangu umeanza mapema na nywele zimechelewa kuja. Nyumbani ndugu zangu walinitania tangu utotoni kwamba mvua ikinyesha mimi naloa kwanza. Sasa nimepanda milima yote ile kuja kuambiwa hayo na mtu wa mjini!

Kesho yake nilikuja nimefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Na kesho kutwa. Wiki nzima nimekaza kitambaa, nachungulia kama mgonjwa wa jino. Siku ya sita Mama Eufrasia akauliza.

"Umefiwa?"

"Hapana, Mama."

"Kichwa kinauma?"

"Hapana."

"Sasa mbona umejifunga kama mzigo unaosafirishwa?"

Nikamwambia, machozi yananilenga, kwamba mgeni na Baltazari wameliteta paji langu la uso. Alinitazama. Kisha alikaa chini, pale pale penye maji, akacheka hadi kanga moja ikafunguka. Sijapata kumwona hivyo tena. Alipopata pumzi akanieleza kwamba kipaji wanachosema wasomi si cha uso. Ni uwezo ambao mtu anazaliwa nao, zawadi aliyopewa na Mungu tumboni mwa mama yake.

"Kwa hiyo wamenisifu?"

"Wamekusifu." Akasimama, akafunga kanga. "Wanasema umezaliwa nacho. Mimi nilifikiri ile misimu mitatu uliyokuwa unanikanyaga miguu ndiyo uliyopewa. Kumbe. Haya, nani kakupa? Kachote maji."

Nilikwenda kuchota maji nikiwa nimefungua kitambaa, kichwa juu. Nilisikia sifa. Lile swali la nyuma sikulisikia kabisa, na hapa nasema kusikia kwa maana zote za neno.

Miaka ikaenda. Miguu ya Mama Eufrasia ikachoka, akaenda kukaa kwa bintiye, kijijini Ukata. Nikarithi tanki. Ikaja injini, na Otmari akiwa bado na nywele. Injini ilimenya kwa saa moja kazi yetu ya kutwa, na ilipiga kelele za kutwa ndani ya saa moja. Barabarani yakaanza kupita malori ya makaa ya mawe kutoka mgodi wa Ngaka, vumbi linatua juu ya kahawa iliyoanikwa, tukajifunza kuwahi kufunika tukisikia la kwanza linapanda kilima. Gaudensia aliyajua kwa sauti, hili limejaa, hili tupu. Hakuna aliyemwambia Gaudensia ana kipaji. Tulimwambia funika haraka.

Mimi ndiye niliyeambiwa. Kila mgeni aliletwa kunitazama, na kila mgeni alilisema neno lile. Neno likisemwa sana linageuka nyumba, unaingia na kufunga mlango. Alikuja Kolumba wa kijiji cha pili, mama mwenye adabu, akaniomba akae nami msimu mmoja ajifunze. Nikamjibu, "Mama, hiki hakifundishwi. Ama unacho ama huna." Akashukuru akaenda zake. Nikiyakumbuka majibu yale usiku hunitoka usingizi, na Kolumba ameshatangulia mbele ya haki, siwezi kumrudia.

Ndipo akaja Skolastika.

Skolastika ni mwenzenu, mnamjua, lakini hamkumjua alipokuja. Kwao ni Mbuji. Alikuwa mjane wa mwaka mmoja, ana watoto wawili, Fidelisi na Neema. Mashemeji zake walishamwambia wazi: akiwa na kazi mtamboni atabaki hapa na wanawe, asipokuwa nayo arudi kwao Mbuji, watoto ni wa ukoo, watabaki. Habari hii tuliijua wote. Mimi niliijua, na bado nilifanya nilichofanya.

Walimweka chini yangu ili siku moja ashike tanki. Alikuwa na mikono ya jembe, viganja vimekomaa kwa kuchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia ya milimani kwetu. Kazi yake ilikuwa kupima mchana, mimi alfajiri. Nikamwambia kama nilivyoambiwa: "Ingiza mkono, chota, sugua. Unasikia nini?"

"Nasikia utelezi umepungua, Bibi."

"Umepungua au umekwisha?"

"Nadhani umekwisha."

Haukuwa umekwisha. Mara ya pili akasema bado, kumbe imepita. Mara ya tatu nilimkuta amesimama mbele ya tanki analia, mkono umo majini, hajui aseme lipi. Nami nikaenda kwa Kanisius siku ya Jumatatu nikasema, "Huyu mtoto hana kipaji. Tusipoteze kahawa ya watu."

Kanisius alikuna kichwa. "Bibi, ukisema wewe, nani atapinga? Lakini amalize wiki. Jumamosi nitamwambia."

Kwa hiyo Skolastika alibakiwa na siku tano, naye akaambiwa jioni ile ile, kwa sababu mtambo wetu hauna siri, una mama Tekla wawili.

Jumanne watu walipanga foleni kupimisha kahawa. Miongoni mwao Mwalimu Osmundi, mstaafu, ambaye amefundisha Kiswahili nusu ya tarafa hii na bado anasahihisha matangazo ya kanisani kwa kalamu nyekundu. Watu wakawa wanamsema Skolastika, maskini, na mimi nikajitetea kwa sauti: "Si mimi. Hana kipaji. Nifanyeje?"

"Anjelina," akasema Mwalimu, amekalia gunia lake, "hicho kipaji ndiyo nini?"

"Mwalimu, unanitania mbele za watu? Si kile mtu anachozaliwa nacho?"

"Ndivyo tunavyosema. Lakini neno nalo ukilisugua linasikika. Lisugue. Limetoka wapi? Kwenye kupa. Aliyepewa ana nini?"

"Ana kipawa," akadakia Gaudensia.

"Vizuri. Kipawa, umepewa, limo humo humo. Sasa, mpaji ni nani?"

"Mpaji ni Mungu," foleni nzima ikajibu kama litania.

"Mpaji anapokea au anatoa?"

"Anatoa."

"Basi na kipaji kinafanya nini, Anjelina?"

Mama Tekla mmoja akasema, "Kinatoa," kwa sauti ndogo, halafu akaogopa akatazama pembeni.

"Na cha uso je, Mwalimu?" Otmari akauliza, akinitazama, maana kisa changu cha kitambaa kilikuwa kimeshazeeka kikawa mali ya kijiji.

"Hapo msinipeleke. Wengine wanasema kilitokana na rangi za urembo walizojipaka wanawake usoni, wengine wana yao. Siwezi kuapa, sikuwepo. Na hili la kutoa pia msinishike nalo mahakamani. Kamusi itawaambia kipaji na kipawa ni mamoja. Mimi nawaambia neno linavyolia sikioni mwangu." Akasogeza gunia, foleni ilikuwa imesogea.

Nilirudi nyumbani nikala sikujua nimekula nini. Nani kakupa, alikuwa ameniuliza Mama Eufrasia, nami nikaenda kuchota maji. Miaka yote ile! Nikajipitisha kwenye kazi yangu kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Alinifundisha nini ambacho mimi sijamfundisha Skolastika? Ingiza mkono, nimesema. Chota, nimesema. Sugua. Unasikia nini.

Nikasimama na sahani mkononi. Sikumpandisha ngumi sikioni. Hata mara moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha zamani kuipandisha, kwa sababu alfajiri pakiwa kimya nilisikia nikiwa nimesimama tu. Na yeye nilimpangia mchana, injini ya Otmari inanguruma hatua kumi kutoka tanki. Hata Mama Eufrasia mwenyewe asingesikia kitu pale. Nilimuuliza habari ya sauti, akanijibu habari ya ngozi, kama mimi nilivyojibu, na viganja vyake vilivyokomaa havikuweza kumwambia kitu. Halafu nikasema Mungu hakumpa.

Jumatano alfajiri nikamgongea. Alitoka amejifunga kanga, akadhani nimekuja kumfukuza kabla ya siku.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Vaa sweta, twende."

Pale tankini nikamwambia achote. Akachota. Nikaukamata mkono wake nikaupandisha, maji yakamwingia kwapani, akaruka.

"Bibi, baridi!"

"Baridi naijua. Fumba macho. Sugua. Usiniambie habari ya vidole. Kinasema nini?"

Akasugua. Akasugua tena. Uso wake ulibadilika pole pole, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

"Kimenyamaza," akasema.

Sikuwahi kumfundisha neno hilo. Nilitaka kumwambia ni la mama yangu, nikaishia kumwambia achote tena.

Alhamisi tulirudi, Ijumaa tulirudi. Alikuwa mwepesi kuliko mimi, na sisemi hivyo kwa adabu ya uzee. Mimi nilihitaji misimu mitatu. Yeye siku ya tatu aliniuliza kwa nini kona ya ukutani inasema tofauti na kona nyingine, swali ambalo mimi nililiuliza mwaka wa pili, tena baada ya kuharibu.

Jumamosi ikafika. Kahawa iliyokuwa tankini iliingia na ukungu, na ukungu haukuondoka. Kanisius alikuwa na karatasi yake ya saa imebandikwa ukutani. "Saa thelathini na sita zimetimia," akasema. "Tuoshe, Bibi?"

Nikachota, nikapandisha ngumi sikioni mbele yao wote. Changarawe. Chra chra, safi kabisa. "Imeiva," nikasema. Watu wakaanza kuchukua mapedeli, yale makasia ya mbao ya kuoshea.

Skolastika alikuwa upande wa pili, upande wa ukuta, ngumi yake sikioni, macho amefumba.

"Bado, Bibi."

Wote wakasimama. Mjue hali ilivyokuwa: mimi ndiye niliyemshitaki, siku ile ndiyo ya hukumu, na Fidelisi na Neema walikuwa wamekaa pale kwenye magunia matupu wanamtazama mama yao. Akinyamaza, huenda Kanisius angemwonea huruma. Mama Tekla alimfanyia ishara ya kumwambia nyamaza.

"Unasema bado kwangu mimi?"

"Samahani Bibi. Kwa heshima yako. Huku inanyamaza."

Nikazunguka tanki. Nikachota pale pale alipochota. Nikapandisha sikioni, nikasikia changarawe. Nikafungua ngumi ili nimwonyeshe, na ute ukavutika kati ya vidole vyangu kama mlenda.

Nikafunga ngumi tena, nikaipeleka sikioni. Changarawe. Nikaacha kusugua. Changarawe ziliendelea.

Zilikuwa kichwani mwangu. Sauti ile nimeisikia miaka mingi hata sikio lilikuwa limeacha kusikiliza, linakumbuka tu. Sijui lini lilianza. Sijui ni matanki mangapi niliyoyapitisha kwa kumbukumbu. Nikaangalia mkono wangu, nikamwangalia yule mwanamke kijana aliyekuwa anatetemeka kwa baridi na hofu, na bado hajaliondoa neno lake.

"Kanisius," nikasema, "andika bado. Na lile nililokuambia Jumatatu, nimelirudisha. Mwenye tanki ni huyu."

"Bibi, na wewe?"

"Mimi nitavua mabovu."

Mchana alipotaka kupima tena, injini ilikuwa imewashwa. Skolastika akamwendea Otmari, ambaye hakuwahi kuagizwa na mwanamke isipokuwa mkewe, akamwambia, "Kaka, zima." Otmari akanitazama mimi. Nikamwambia, "Hujasikia? Na wewe masikio yako yako kwenye vidole?" Akazima. Mtambo mzima ukanyamaza, hata watoto. Skolastika akasugua ngumi yake sikioni, akatabasamu, na tukaosha.

Nyie mlioajiriwa juzi mnadhani injini inazimwa mchana ili ipumzike. Sasa mmejua.

Nilikaa misimu miwili zaidi, nikiwa mvuvi kama siku yangu ya kwanza, na sikuona aibu. Skolastika sasa anamfundisha Restituta, na nimemsikia akimwambia, "Baridi naijua." Wageni wanaletwa kumtazama, wanasema ana kipaji, naye anajifuta paji la uso kwa mkono wenye maji ya kahawa na kuwaambia wapande taratibu, ngazi inateleza.

Wiki moja baada ya kuniaga nilimwomba Skolastika anijazie kindoo kidogo, kahawa iliyotoka kuoshwa alfajiri ile, na maji yake. Nikapanda bodaboda mpaka Ukata. Bintiye Mama Eufrasia, Leokadia, alinionya mlangoni kwamba mama hatambui mtu tena. Ni kweli. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa heshima kama anayemwitikia mgeni wa serikali. Mimi ninayekumbuka majina yote nilikaa mbele ya mtu asiyekumbuka hata lake.

Nikachota kahawa, nikaiweka kwenye kiganja chake, nikakifunga.

Hakuuliza ni nini. Mkono ulipanda wenyewe, pole pole, mpaka sikioni, maji yakamtiririka ndani ya mkono wa gauni. Akasugua. Akafumba macho.

"Hii imeiva vizuri," akasema. "Nani ameivundika?"

"Skolastika, Mama. Wa Mbuji."

"Simjui. Nani alimpa?"

"Mimi."

"Na wewe, nani alikupa?"

Safari hii sikwenda kuchota maji. Nikamtajia jina. Mama Eufrasia, nikasema.

Alilifikiria, anaendelea kusugua. "Huyo naye simjui," akasema. Kisha akacheka kidogo, kabla jua halijapanda vizuri. "Lakini kahawa anaijua."